Nyutroni za Upande Mmoja

Daktari Haverstock, mkuu wa maabara yetu, alikuwa na tabia ya kulamba midomo kabla ya kutamka neno jua. "Tunashusha," angesema, ulimi unatoka, unazunguka, unarudi ndani, "jua duniani." Aliwaambia hivyo mawaziri, akawaambia wake wa mawaziri, na kuna siku aliwaambia akina mama wa kantini waliokuwa wakitupakulia kabichi iliyochemshwa mpaka ikanuka soksi. Nilikuwa kwenye foleni na sahani yangu mkononi. Niliirudisha, nikaenda kula tufaha ofisini.

Mahali petu, huko Uingereza, paliitwa Thornley Down. Wakati wa vita palikuwa uwanja wa ndege za mabomu, na vita vilipokwisha serikali ikatupa sisi wanafizikia mabanda, matope na upepo. Katika banda kubwa kuliko yote tulimjenga Martha. Martha alikuwa bomba la alumini lililokunjwa likawa duara, pana kiasi cha mtu kutambaa ndani, limezungushiwa sumaku na nyaya nene kama mkono wa mwanamume. Ndani yake tulitia haidrojeni nzito, ile inayopatikana kwenye maji ya bahari, kidogo mno, kisha honi ikalia, kila mtu akakimbilia nyuma ya ukuta, na umeme wa kutisha ukapitishwa humo. Gesi ikageuka plazma, kitu cha moto kiasi kwamba hakuna chungu cha kukiweka. Kwa hiyo tulikibana kwa nguvu ya sumaku, kikae katikati, kisiguse ukuta. Kikigusa kinapoa, na kazi yote imekwenda na maji.

Tulitaka plazma ipate joto la kutosha ili viini vya atomi zake viungane, kama vinavyoungana huko juani. Vikiungana hutema nyutroni, chembe ndogo zisizo na umeme. Kwa hiyo kila mtu pale alikuwa akisubiri nyutroni kama watu wanavyosubiri mvua, na mwezi Agosti wa mwaka 1957 zikaja.

Aliyezihesabu ni Ivor Prosser. Alikuwa mtu wa Wales, mfupi, mcheshi, ofisi yetu ilikuwa moja na jiko letu la kupasha miguu moja. Siku ile alitoka nyuma ya ukuta akiwa hana rangi usoni. "Enid," akaniambia, "nishike, nisije nikaimba." Aliimba hata hivyo, wimbo wa kanisani kwao, na Tapp, fundi wetu wa umeme, akampigia ngoma kwenye debe la mafuta. Nami nilifurahi. Sitakuja kusema kwamba sikufurahi.

Ila furaha yangu na furaha ya Ivor hazikuwa sawa. Baba yake, mzee Gwilym, aliingia mgodini akiwa mtoto na akatoka humo mapafu yameshakwisha. Alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha, anakohoa, anatema makaa ya mawe kwenye kopo. Ivor alikuwa amemwahidi kwamba iko siku moto utatoka kwenye maji ya bahari, na hakuna mtoto wa mtu atakayeteremshwa tena shimoni. "Nataka ajue kabla hajafa," aliniambia mara nyingi. "Sitaki kitu kingine. Cheo wampe nani, wampe mbwa."

Sasa, pale Thornley Down tulikuwa na desturi ya chai ya Ijumaa, na kwa haki ya Mungu Haverstock ndiye aliyeianzisha, enzi zile alipokuwa bado mwanafizikia. Ukiwa na matokeo mapya, unayaleta Ijumaa. Unapewa biskuti ya tangawizi, unaitia mdomoni, na sheria ni kwamba huruhusiwi kusema neno mpaka wenzako wamalize kuyachanachana matokeo yako. Wengine walitafuna huku machozi yanawalengalenga. Lakini hakuna uongo uliopita hapo. Mimi mwenyewe nilitafuna biskuti nyingi, na nilitoka pale nimenywea kama kuku wa mvua, na kazi yangu imekuwa bora.

Nyutroni za Ivor hazikuletwa Ijumaa. Kwanza tuliambiwa ni siri ya taifa. Kisha tukaambiwa Wamarekani wako karibu kutangaza za kwao na hatuna muda wa biskuti. Krismasi ilipopita, tukaambiwa kwamba Alhamisi ya wiki ya mwisho ya Januari watu wa magazeti watakuja, na Waziri ameshadokeza Bungeni. Chai ya Ijumaa ikafutwa. Mahali pake Haverstock alileta mvinyo mtamu kwenye bilauri ndogo, tunywe kwa afya ya Martha. Ulinata mdomoni kama dawa ya kikohozi. Nilimwona mtu aliyewahi kunifundisha kushuku akimimina kile kinywaji huku akisema jua, jua, jua, nikasikia kinyaa ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu tena.

Kazi yangu mimi ilikuwa vioo vya picha, vilivyopakwa dawa kama filamu. Niliviweka mbele ya Martha na nyuma yake, ukifuata mwendo wa umeme, na nyutroni zikipita zinaacha humo vijistari ambavyo unavisoma kwa hadubini. Mstari mrefu ni nyutroni yenye nguvu; mstari mfupi ni dhaifu. Wiki ile ya Januari nilisoma vya mbele, nikasoma vya nyuma. Kisha nikamfuata Ivor kantini.

"Za mbele ni ndefu kuliko za nyuma," nikamwambia.

Alikuwa anakata soseji. Hakuinua uso. "Kwa kiasi gani?"

"Kiasi cha kunitosha mimi."

"Wewe huwa hutoshekagi." Akacheka kidogo. "Labda vioo vya mbele vimetoka boksi jingine, dada. Labda hadubini yako imepata mafua kama sisi wote."

"Ivor, sikiliza. Bisi ukiziweka jikoni na sufuria yote ikashika moto, zinaruka kila upande. Ndiyo?"

"Haya, tumeanza mapishi."

"Ukiona zinazoruka kwa nguvu ni za upande mmoja tu, basi sufuria haijashika moto. Kuna mtu anazirusha."

Alielewa kabla sijamaliza. Alielewa, maana alikuwa fundi kuliko mimi. Kama joto lingekuwa limeenea plazma nzima, nyutroni zingetoka sawasawa pande zote. Hizi zilikuwa zinatoka kwa viini vichache vilivyoshikwa na umeme vikasukumwa mbele, vikavigonga vingine vilivyotulia. Hilo si jua. Hilo kila maabara inalifanya mezani.

Aliweka kisu chini. "Unajua baba yangu jana katema nini? Katema kipande cha pafu. Mama kaniambia kwenye simu, anaogopa hata kukitupa."

"Najua."

"Hujui. Baba yako anauza kofia."

Nikakubali, baba yangu aliuza kofia Rochdale na mapafu yake yalikuwa mazima. Mama mmoja akapita akaondoa sahani. Mwishowe nikasema kitu ambacho sote wawili tulikuwa tunakijua: tugeuze nyaya. Umeme upite Martha kwa upande wa pili. Kama kasoro ni ya vioo vyangu au hadubini yangu, mistari mirefu itabaki pale pale. Ikihamia upande wa pili pamoja na umeme, basi hakuna ubishi.

"Haverstock hatakubali," alisema Ivor.

"Haverstock yuko London leo na kesho, anachagua tai."

Akanitazama. "Sawa. Tugeuze. Na zikihama, Enid, nitasimama mwenyewe mbele ya magazeti niseme. Hutasema wewe, nitasema mimi. Mimi ndiye niliyezihesabu."

"Unaniahidi?"

"Naahidi. Ila zisipohama, utamwomba radhi Martha, kwa magoti."

Asubuhi iliyofuata Tapp alizigeuza nyaya akinung'unika kwamba wasomi wakikosa kazi humtafuta yeye. Honi ikalia kutwa. Mchana wa siku ya pili nikavisafisha vioo kwa dawa gizani, nikavikausha, nikaviweka chini ya hadubini, na sikuviangalia. Nilimpa Ivor kiti. Nilitaka aone yeye kwanza.

Alisoma cha mbele, akasoma cha nyuma. Akarudia cha mbele. Nilisikia pumzi zake tu na jiko likivuma. Mistari mirefu ilikuwa imehama yote, imeufuata umeme kama mbwa anavyomfuata mwenye nyama. Nilipoangalia mimi niliona jambo lile lile. Ivor alitoka nje bila koti akasimama kwenye matope. Nilimwona kupitia dirishani, ameshika kiuno, anatazama ile njia ya zamani ya ndege.

Tulikwenda wote wawili kwa Haverstock aliporudi kutoka London. Alitusikiliza huku akisafisha kiko chake kwa waya. Ule uchafu mweusi wa tumbaku, wenye mate, aliupangusia kwenye karatasi ya kunyonyea wino, taratibu, anaupanga mstari kwa mstari. Ivor alieleza vizuri. Hakupunguza wala kuongeza.

"Nani mwingine ameona?" aliuliza Haverstock.

Lilikuwa swali lake la kwanza, na hakuuliza lingine lolote kuhusu vioo. Mtu aliyebuni desturi ya biskuti hakuuliza tuliviweka wapi, tulirudia mara ngapi, wala joto la gesi lilikuwaje.

"Tapp anajua tumegeuza nyaya," nikasema. "Sisi wawili tunajua maana yake."

"Basi ni matokeo ya awali, Binti Garside. Mtayaandika polepole, vizuri, tutayaona majira ya joto. Waziri ameshasema. Wapishi, madereva, wake zetu, kila mtu ameshasema. Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Mwaka huu au mwakani Martha atapata moto wa kweli, na nani atakumbuka ilianza lini?"

"Nyutroni zitakumbuka," nikasema.

Akatabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto, kisha akamgeukia Ivor, sauti imelainika kama siagi iliyoachwa juani. "Prosser, kijana wangu. Nimefikiri sana juu ya mzee wako. Nimetuma gari Wales, na muuguzi. Atakuja Alhamisi. Watu wa magazeti wamefurahi mno: mchimba makaa na mwanawe, moto wa jana na moto wa kesho. Na wewe ndiye utakayesema, si mimi. Unastahili."

Ivor akaiangalia ile karatasi ya wino. Nilimsubiri. Tulipofika kwenye ukumbi wa nje nilimshika mkono.

"Uliniahidi," nikamwambia.

"Kashampandisha garini, Enid. Mama kampigia pasi suti ya Jumapili."

"Basi mwambie baba yako kweli. Mwambie yeye kwanza, halafu hao wengine watajua wenyewe."

"Nitamwambia." Alisema hivyo akitazama vifungo vya koti langu. "Nitasema, Enid. Niache kwanza."

Alhamisi banda lilijaa makoti yaliyolowa. Waandishi walikanyaga matope mpaka kwenye msingi wa Martha, wakakung'uta majivu ya sigara kwenye trei ya mafuta ya pampu, wakauliza kama mtu anaweza kuoka mkate ndani yake. Mmoja alitaka kujua kama italipuka. Mwingine aliegemea sumaku na saa yake ikasimama, akatudai sisi. Haverstock alipita kati yao na tai mpya ya rangi ya chungwa, amepaka nywele mafuta.

Mzee Gwilym walimkalisha kwenye kiti mbele kabisa. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, na usoni alikuwa na yale makovu ya buluu ambayo makaa huyaacha yakiingia kwenye jeraha. Mpigapicha mmoja alikwenda kantini akachukua bonge la makaa kwenye ndoo ya jiko, akampa alishike. "Hivyo hivyo, babu. Inua kidogo. Tazama mashine, halafu tazama makaa, halafu mashine." Mzee akakohoa, wakamsubiri amalize, na mmoja akampiga picha akiwa bado anajifuta mdomo. Kinyaa kilinishika mpaka mikono. Nilitamani kuwafukuza wote kwa bomba la maji ya moto, na wa kwanza awe mwenye tai.

Haverstock alihutubia. Ulimi ulifanya kazi yake. Kisha mwandishi mmoja mwenye miwani, aliyeonekana amesoma kidogo, akauliza swali pekee la maana siku ile nzima: "Mna hakika gani kwamba nyutroni hizi ni za joto, si za kitu kingine?"

"Hilo atalijibu aliyezihesabu," alisema Haverstock, akamwekea Ivor mkono mgongoni.

Ivor alisimama. Alinitazama mimi, na niliinua kidevu kidogo kumpa moyo. Akamtazama baba yake.

"Nina hakika," alisema, "kama ninavyolijua jina la baba yangu."

Watu wakapiga makofi. Mzee Gwilym alicheka, meno yake yote ya bandia nje, na kamera zikamwangukia kama nzi. Mimi nikasimama juu ya sanduku. Nilisema kwa sauti, kwa Kiingereza cha Rochdale kisichohitaji kipaza sauti, kwamba nyutroni zile ni za upande mmoja, kwamba tumegeuza umeme nazo zikageuka, kwamba Martha hajapata moto wa jua na hakuna mtu pale anayeweza kusema amepata. Niliyoyasema siku ile ndiyo ambayo maabara yenyewe ilikuja kuyakiri mwezi Mei, kwa aya fupi chini ya habari za kriketi. Lakini siku ile walinigeukia, wakanikagua kuanzia viatu, na yule wa saa iliyosimama akacheka, "Haverstock, nyie mnawalisha nini hawa?" Wakacheka wote. Yule mwenye miwani alianza kuandika, kisha akaona wenzake hawaandiki, naye akaacha.

Mzee Gwilym ndiye pekee ambaye hakucheka. Alimvuta Ivor kwa mkono wa koti. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Yule binti anasema moto wenu si moto. Ni nani yule?"

Ivor alinitazama usoni. Ofisi moja, jiko moja, hadubini moja.

"Ni mpiga taipu wetu, Baba," akasema. "Mambo haya hayajui."

"Ahaa." Mzee akanigeukia kwa upole, bila dharau yoyote, na hapo ndipo paliponiuma. "Basi binti, wewe chapa tu. Uchape vizuri kwamba mwanangu ndiye aliyefanya."

Ningeweza kunyamaza. Mzee alikuwa anakufa, alikuwa amefurahi, na mwanawe alikuwa ananisihi kwa macho. Lakini nilikuwa nimeshiba uongo mpaka kooni, na wa Ivor ulikuwa tonge la mwisho.

"Mzee Prosser," nikasema, "mimi na Ivor tuliangalia pamoja, chini ya hadubini moja, juzi mchana. Yeye aliangalia kwanza. Muulize aliona nini."

Mzee alimgeukia mwanawe. "Uliona nini?"

"Si hapa, Baba."

"Nimeuliza uliona nini."

"Baba, tafadhali. Watu."

Pumzi za mzee Gwilym zilipiga filimbi kifuani. Alilitazama lile bonge la makaa mkononi mwake kama mtu anayejiuliza nani kamwachia takataka, akaliweka sakafuni.

"Kule chini," alisema, "mtu akikuuliza kama dari iko imara, humwambii si hapa."

Akamwashiria muuguzi amnyanyue. Mpigapicha akasema moja zaidi, babu, moja tu, naye mzee akampita kama unavyopitwa mti. Walitembea polepole mno kuelekea mlangoni, na Ivor akawafuata nyuma, anaita Baba, kwa sauti ya chini ili wasisikie wengine. Pale mlangoni mzee aligeuka akainua kiganja. Hakukasirika. Alimwonyesha tu mwanawe kule alikotoka, kwa wenzake, arudi huko. Kisha akatoka kwenye mvua akiwa ameegemea bega la muuguzi.

"Prosser," aliita Haverstock, "njoo bwana, wanataka picha yako na mashine."

Ivor alisimama pale mlangoni kidogo. Halafu akarudi, akasimama mahali walipomwonyesha, akatabasamu.